Pumzi Iliyobaki Ndani ya Meli

Orpa alikuwa jikoni anaosha sahani za bukari, ule ugali wa mchana, aliposikia mumewe anapumua mara mbili. Bertin alikuwa amelala kwenye kiti kirefu sebuleni, mchana kweupe, na pumzi moja ilipokuwa inaingia, nyingine ilikuwa inatoka.

Alifunga robinet, maji yakakoma. Akasikiliza. Zilikuwa mbili.

Bertin alikuwa mzamiaji. Miaka kumi na moja alishuka chini ya maji huko Mwadingusha kusafisha vyuma vya barrage, lile bwawa la umeme, yeye na mwenzake Papy. Juma lililopita walimu wawili wa historia waliwaomba wapige picha za meli ndogo ya abiria iliyozama ziwani kabla ya uhuru ikielekea Kapolowe, pamoja na watu wote waliokuwa ndani. Bertin alirudi kutoka kazi hiyo ananuka tope la zamani, na hata Orpa alipozifua nguo zake mara tatu harufu haikutoka, kwa maana haikuwa kwenye nguo. Ilikuwa kinywani mwake.

Sasa alimkaribia. Macho ya Bertin yalikuwa wazi.

"Tutafika Kapolowe saa ngapi?" akauliza, kwa sauti ya mwanamke mzee.

Orpa alishika ukuta. Mumewe akashtuka, akakohoa. "Nilisema kintu?"

"Papa Simone," Orpa alinong'ona, ndivyo alivyomwita tangu binti yao Simone azaliwe, "kule chini ulifanya nini?"

Bertin akajiinua, akakaa.

"Mupira ya hewa ilinaswa ku chuma, ikapasuka. Papy alikuwa mbali. Mu chumba ya ile meli, juu ku plafond, kwenye maji hayakufika, hewa kidogo ilibakia. Nikaingiza kichwa, nikavuta. Mara tatu, ine, mpaka Papy akanikuta. Bila ile, ningekufa."

"Hewa ya tangu siku meli ilizama?"

"Njo ile."

Alhamisi Orpa alimleta Mama Clémentine, kiongozi wa kikundi cha sala parokiani, ambaye watu walimwita kwa mambo wasiyothubutu kumwambia padri. Mama huyo hakupaza sauti. Aliweka sikio mgongoni mwa Bertin, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akainuka, akarudi nyuma hatua moja.

"Ile hewa iko na benyewe, bale bantu ba mu meli," alisema taratibu. "Balikuwa banaigawanya mpaka mwisho, weye ukainywa. Sala yangu haitaitoa. Uirudishe kwenye uliikamata."

"Akishuka tena atakufa, mama."

"Akibakia nayo itamumaliza. Habajue kama balikufa, mwanangu. Banangojea kufika."

Jumamosi asubuhi walikuwa ziwani kwenye mtumbwi, Papy ameshika kamba iliyofungwa kiunoni mwa Bertin, na Bertin alipozama Orpa akabaki anafuata mapovu yake, mistari miwili ikipanda sambamba kama ya watu wawili, ikahama polepole hadi pale meli ilipolala, ikapungua, ikakoma, naye akajua kwamba hapo ndipo mumewe ametoa mpira kinywani, kwamba sasa anaimwaga hewa yote ya kifuani bila kuvuta nyingine, na maji yakatulia juu yake kama hayajawahi kufunguliwa na mtu, na Orpa akahesabu hadi tisini, hadi mia, kisha akaanza tena moja, kwa sababu aliogopa namba inayofuata.

Kamba ikatikisika. Wakavuta wote wawili. Bertin alitoka midomo imekuwa ya majivu, wakamlaza ndani ya mtumbwi, na Orpa akabandika sikio kifuani mwake.

Pumzi moja. Ya kukwaruza, ya mtu aliyechoka, ya mumewe. Akalia.

"Balisogea," Bertin alisema. "Balinipa nafasi ya kuikala pamoja nabo. Nikakatala."

Papy hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anatazama nyuma, pale juu ya meli, ambako mapovu yalikuwa yanaanza kupanda tena, machache machache, yakitulia na kurudi, kama ya watu waliolala usingizi mzuri.

"Chini kuko nani?" Orpa aliuliza.

Papy alichukua kasia.

"Tuende, mama," alisema. "Usiangalie."