Lenzi ya Gregori

Jua lilikuwa limeshapoa pale Sinza, baa za jirani zinajaribu spika zao, Hamida alipobisha hodi kwenye nyumba ya tano aliyoelekezwa siku ile. Miguu ilimwaka. Tangu asubuhi alikuwa anatafuta kitu kimoja tu, lenzi ndefu ya kuazima. Lakini ilikuwa Ijumaa, na Jumamosi ni siku ya harusi. Kila mwenye lenzi alikuwa ameshaiahidi.

Hamida alikuwa mpiga picha mwenye kibanda Buguruni. Lenzi yake ilimfaa bwana harusi aliyesimama hatua tatu mbele yako, siyo mtu anayekimbiza pikipiki ya maji katikati ya bahari. Na kesho, Kunduchi, yalikuwa mashindano hasa ya pikipiki hizo. Yeye kapewa kazi ya kupiga picha akiwa ndani ya boti. Hana lenzi ndefu, basi nafasi anapewa mwingine, yeye abaki ufukweni.

Kubaki ufukweni asingeweza. Mdogo wake Jamali alikuwa miongoni mwa washindani, na Jamali hakujua kuogelea vizuri. Siri hiyo waliijua wao wawili tu. Kamkataza, kamlilia, wapi! Basi akaona heri awe karibu naye majini, amwone kila dakika.

Aliyefungua mlango aliitwa Venance.

"Karibu, sista. Viatu acha hapo hapo."

Vifaa vya picha mle ndani vilikuwa vya kaka yake, marehemu Gregori, aliyekuwa akipiga picha za michezo ya majini mpaka siku maji yalipomchukua yeye mwenyewe. Vilitandazwa juu ya kanga, kwenye kochi, kama vyombo vya bibi harusi.

"Stendi ya miguu mitatu hiyo achana nayo," Venance alimwambia. "Boti ikitetemeka, nayo inatetemeka. Unashika mkononi, magoti unayalegeza, kama umebeba mtoto aliyelala."

"Na hii kubwa?"

"Jitu hilo! Dakika kumi mkono umekufa. Tena mtu akikusogelea karibu, haenei kwenye picha. Beba hii nyeupe. Inavuta mbali, inarudi karibu. Gregori alikuwa hatoki bila hiyo. Ila ivalishe mfuko huu, chumvi inakula vioo."

Hamida akaielekeza dirishani. Kule ndani kabisa, nyuma ya kioo cha mbele, akaona tone la maji. Na harufu... harufu ya mwani uliooza.

"Mbona kama ina maji ndani?"

"Ukungu tu huo. Utakauka."

Chumba cha ndani kitanda kikalia. Sauti ya mwanamke ikatoka, nyembamba, imechoka kulia.

"Venance... nani kashika kitu cha mume wangu?"

"Mgeni, shemeji. Arobaini si imepita jana?"

Flaviana, mjane wa Gregori, akatoka amejifunga kitambaa cheusi kichwani.

"Shikamoo, mama. Pole na msiba," Hamida alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mie nahesabu tangu nilipomzika. Huyu anahesabu tangu alipozama. Siku tisa mume wangu alikuwa majini, hana kaburi. Siku hizo tisa mnamdhulumu?"

Venance akatazama dari.

Hapo ndipo Hamida alipopaswa kuiweka chini ile lenzi, aage, aende zake. Maana hakuwa mgeni wa mambo hayo. Kwao Lindi, hata jembe la marehemu linaegemezwa ukutani mpaka arobaini ipite na ndugu wakae wagawane. Hakuna anayeligusa. Lakini alimfikiria Jamali katikati ya maji.

"Siku moja tu, mama. Nakuomba. Kesho jioni naileta mwenyewe."

Flaviana akasogea. Aliigusa lenzi kwa nyuma ya mkono, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Ina baridi," akanong'ona. "Bado anaitumia."

Kesho yake bahari ilikuwa nzuri, jua kali, muziki ufukweni, watoto wanakula mihogo ya kukaanga. Boti ikaondoka. Hamida akalegeza magoti kama alivyofundishwa, akamtafuta Jamali kwa lenzi. Huyu hapa! Jaketi la kujiokolea la rangi ya chungwa, meno yote nje.

Akapiga picha.

Nyuma ya Jamali, kwenye povu, kulikuwa na kichwa cha mtu.

Akashusha kamera. Povu tupu. Jamali peke yake.

Akainua tena. Kichwa kipo. Safari hii na mabega. Karibu zaidi.

"Nahodha! Kuna mtu kule majini!"

Abdulrahman, mwendesha boti, akakinga jua kwa kiganja. "Wapi, sista? Mie namwona dogo tu."

Hamida akatazama kwa lenzi. Yule mtu alikuwa ametulia, anamtazama yeye moja kwa moja, uso umevimba, macho hayapepesi. Alipokuwa ndani ya kioo, hakusogea. Hamida akapepesa jicho, akafuta jasho... mkono mweupe ukashika nyuma ya pikipiki.

Akaelewa. Akimwangalia, anatulia. Akimwacha, anasogea.

Basi akang'ang'ania. Hakushusha kamera tena. Mabega yakamwaka, chumvi ikamwingia machoni, boti ikamrusha huku na huku, naye anasema tu, "Nakuona... nakuona... nakuona." Machozi yakafanya ukungu kwenye kitundu cha kutazamia. Na ndani ya lenzi, masikioni kabisa, kikaanza kusikika kitu.

Blup.

Blup... blup.

Kama mtu anayejaribu kusema ndani ya maji.

"Sista, unaumwa?" Abdulrahman aliuliza. "Mbona mfuko wako unamwaga maji?"

Ni lenzi iliyokuwa inamwaga. Maji baridi yalimchuruzika mpaka kwenye viwiko, hayaishi. Picha ikawa nyeusi. Hamida akapangusa, akapuliza, haoni kitu. Kule mbele pikipiki ya Jamali ikainua pua, ikapinduka.

Jaketi la chungwa likaelea.

Halina mtu.

"Jamali! Jamaliii!"

Hakufikiri. Aliivua kamera shingoni, akaitupa baharini pamoja na lenzi yake, kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

"Chukua! Chako hicho, Gregori, chukua! Niachie wangu!"

Kamera haikurusha hata tone la maji. Ilipokelewa.

Punde kichwa cha Jamali kikaibuka kando ya boti, anatapika bahari nzima. Abdulrahman akamvuta kwa kola ya shati.

Hamida alimfunga kanga, akambeba kwa bajaji mpaka nyumbani Vingunguti, wanakoishi na mama yao. Kwenye kifundo cha mguu wa Jamali kulikuwa na alama tano za bluu. Alipomlaza kitandani, nje kungali mwanga, ndipo mdogo mtu akafumbua mdomo.

"Dada... alinishika. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananiuliza tu."

"Anakuuliza nini?"

"Nani ana jicho langu."

Hamida akapiga magoti kando ya kitanda. "Ukamjibu?"

Jamali akageukia ukutani, akaanza kulia kama alivyokuwa akilia utotoni, bila sauti.

"Nilikuwa nakufa, dada. Nikakutaja. Akasema hajui unapokaa. Nikamwelekeza."

"Nimeshamrudishia, mdogo wangu. Yameisha. Lala."

Mlango wa uani ukafunguka. Mama yao akaingia, anajifuta mikono kwenye upande wa kanga, uso wa huruma.

"Hamida, kuna mgeni wako. Mtu mzima, mpole kweli. Maskini, nguo zinamchuruzika, sijui kanyeshewa wapi na jua hili. Nimempa kigoda akae."

"Mama... kasemaje?"

"Hana haraka, kasema atasubiri. Kaniuliza tu, humu ndani mnalala wangapi."