Jamvi Alilolikunja Yumna

Nani kawaambia? Hapana, maji ya kisima kile hayakupatikana kwa bahati. Yalipatikana kwa sababu mtoto wa miaka kumi na miwili alisema kweli, na haikuwa kazi nyepesi.

Yumna alikaa Wawi, kisiwani Pemba, na bibi yake, Bi Asma, ambaye macho yake hayaoni vizuri. Mama yake yuko Unguja kikazi. Asubuhi watoto wenziwe hwenda chemchemini kundi zima, wakicheka. Yeye hubaki kumpikia bibi uji, kisha huenda peke yake, hurudi peke yake, ndoo kichwani, hana hata wa kumwambia jua kali. Basi mafundi walipokuja na mtambo wao kuchimba kisima karibu na kwao, alikuwa na neno moja moyoni: maji yakitoka hapa, wenzangu watakuja.

Fundi mkuu, Petronila, mtu wa bara, alimweleza kuwa nyuma ya keekee, ile ncha inayotoboa ardhi, kuna chombo kinachopiga picha ukuta wa shimo huku wanachimba, na picha zinatokea kwenye kompyuta. Tena kila mita moja, udongo na mawe yaliyotoka chini huwekwa juu ya jamvi, fungu baada ya fungu, yalinganishwe na picha. Yumna akapewa kazi ya kulinda jamvi.

Alasiri likaja wingu, yakadondoka matone mawili matatu. Sasa mtoto wa Pemba akiona mvua na kitu kimeanikwa, mikono haingoji akili. Akalikunja jamvi mbio mbio kama la kuanikia karafuu, akaliingiza ndani. Kulikunjua, mafungu yote yamechanganyika. Akayapanga tena kwa kubahatisha, akanyamaza.

Baadaye Linus, msaidizi wa Petronila, akatazama picha, akatazama jamvi. Picha za chini zilionesha mwamba wenye ufa ulioinama. Jamvi, kwenye mafungu ya mita hizo hizo, lilionesha udongo wa mfinyanzi mtupu. Akasema chombo kimeharibika, na kwenye mfinyanzi hawapati maji, bora kesho wahame.

Yumna alisikia yote, amejibanza nyuma ya jiko. Akisema, watamfukuza. Asiposema, mtambo unaondoka. Akatoka.

"Dada Petronila, chombo hakina kosa. Mafungu niliyachanganya mimi. Mvua ilikuja, nikadhani naokoa."

Linus alicheka mpaka akakaa chini, akasema hajapata kuona mawe yakiogopewa mvua. Petronila hakucheka. Alirudi kwenye picha, akaona ule ufa, ambao ndiyo njia ya maji, unazidi kupanuka kila wanaposhuka, akaamuru waendelee. Kesho yake kabla ya adhuhuri maji yakapanda, kwanza matope, kisha safi.

Watoto wakamiminika na ndoo zao. Bi Asma akatandika mkeka, akapakua muhogo wa nazi na samaki.

"Kukosea, mjukuu wangu, ni kwa kila mtu," alisema. "Lakini ungalificha kosa lako, kiu ingalikuwa yetu sote. Haya, nawa. Na nyinyi wenye ndoo, mnangoja nini?"

Wakanawa, wakasogeleana, Rahila wa jirani akajibana ubavuni mwa Yumna, na wote wakakaa kula.