Carte ya Mwaka kwa Watu Wawili

Umeme ulikatika Jumapili ya Pasaka, wakati foleni ya kuingia Parc Malachite, bustani ya michezo, imefika hadi barabarani, na sauti iliyokuwa ikitoka kwenye vipaza sauti ikafa katikati ya neno.

Mwenye sauti hiyo aliitwa Rabia. Kazi yake ilikuwa kukaa ndani ya kibanda cha mbao karibu na mlango wa bustani, mbele ya mikro, na kuwatangazia watu wa Lubumbashi saa ya ngoma, zamu ya treni ndogo, na kofia ya nani imeokotwa chini ya bembea. Alisomea ualimu na diploma alikuwa nayo, lakini mbele ya darasa ulimi wake ulikauka kama ganda la muhogo. Mbele ya mikro, ambako hakuna macho ya kumtazama, ulicheza wenyewe. Mji ulimjua kwa sauti. Kwa sura walimjua wachache.

Siku hiyo Mukuka, mkubwa wa bustani, alimpa bati lililokunjwa kama tarumbeta.

"Citoyenne Rabia, toka inje! Ambia batu treni itachelewa. Banaanza kusukumana."

Rabia akatoka, kikwembe chake cha kijani kikipepea, kitambaa cheupe kichwani. Akainua bati, akafungua mdomo. Kilichotoka hata nzi asingekisikia.

"Unasema nini, mama?" akauliza kijana aliyesimama mbele ya foleni. Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya fundi, na ovaroli yake ya buluu ilipigwa pasi kama suruali ya harusi.

"Nasema... treni itachelewa."

Kijana akageukia umati. "TRENI ITACHELEWA!"

Watu wakanung'unika.

"Wavumilie kidogo," Rabia akanong'ona.

"MUVUMILIE KIDOGO! ANASEMA MWENYE KUSUKUMA HATAPANDA!"

"Sikusema hivyo!"

"ANASEMA HAKUSEMA HIVYO! LAKINI IKO KWELI!"

Foleni nzima ikacheka, na watu wanaocheka hawasukumani. Umeme uliporudi, kijana alikuwa bado ameegemea dirisha la kibanda.

"Kumbe ni weye ile sauti," akasema. "Kila siku nazania ni mama munene wa meno ya zahabu."

"Na weye nani?"

"Yuma, wa Kasenga. Nimekuja kusimamisha roue."

Hilo ndilo lilikuwa jambo jipya la mwaka ule. Mukuka aliagiza gurudumu kubwa la kupandisha watu angani, litakalozinduliwa mwezi wa saba, wakati wa baridi, katika sherehe aliyoiita Mwezi wa Taa. Chuma chake kilifika vipande vipande, na Yuma, fundi wa mitambo, ndiye aliyekabidhiwa kuviunga.

Kadiri gurudumu lilivyopanda, ndivyo Yuma alivyozidi kupitia kibandani. Asubuhi, "Salaam aleikum, Sauti." Mchana, karanga zilizokaangwa. Jioni, mikono imeoshwa kwa sabuni ya unga mpaka inang'aa, "Sauti yangu, leo umetangaza treni kama unatangaza harusi. Nilitaka kulia."

"Ulie ukianguka huko juu."

"Nikianguka, utatangaza?"

"Nitasema kofia imeokotwa."

Mukuka naye alikuja na mpango wake. Mwaka ule, kwa mara ya kwanza, bustani iliuza carte ya mwaka. Mwenye nayo angeingia siku yoyote, sherehe yoyote, mpaka mwaka ugeuke. Kulikuwa na ya mtu mmoja na ya watu wawili. Yuma akanunua ya watu wawili.

"Weye unaingia bure kila siku," Rabia akamcheka. "Carte ya nini?"

"Kazi ya roue ikiisha mutanifukuza kama imbwa."

"Basi ya mutu mumoja. Ile ingine iko bei kali."

"Iko kali kwa mwenye kuja Pasaka na Noël tu. Mimi nitakuja kila juma, chérie. Taa za mwezi wa saba ni zangu, ngoma za mwaka mupya ni zangu. Mukuka anazania ameniuzia, kumbe miye njo nimemuibia."

"Na mutu wa pili ni nani?"

Yuma akaacha kucheka. "Ile ni weye utaniambia."

Rabia akajifanya anapanga karatasi za matangazo. Jibu alikuwa nalo, lilimjaa kifuani, ila lilipaswa kwanza kupita mbele ya jambo moja. Mama yake, Amida, aliishi mtaa wa Kamalondo, akiwa mke wa pili wa mfanyabiashara. Kila Idi baba aliswali, akala na kucheka katika nyumba kubwa. Kwao alikuja kesho yake, pilau imepoa na nguo mpya za Rabia zimeshachafuka. Mtoto yule aliapa kimoyomoyo kwamba akiwa mkubwa hatagawana sikukuu na mtu. Na Yuma alikuwa Mwislamu, mtoto wa mtu wa Maniema kama yeye. Njia ile ya kuoa mke wa pili ilikuwa wazi mbele yake.

Hata hivyo, kwa Yuma moyo wake ulikuwa umelegea. Jumapili moja aliamka akiwa ameamua kumjibu. Akavaa kikwembe kipya, akajipaka manukato ya mama yake, akafungua dirisha la kibanda kumngoja.

Alimwona akija, carte mkononi. Akamwona pia mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye hereni kubwa na watoto wawili, akichomoka kwenye foleni.

"Eh, weye mubaya!" mwanamke akapayuka. "Miye bibi yako nasimama mu jua, na weye unatembea na carte ya batu wawili? Lete!" Akampokonya. "Wa pili ni miye! Angalieni, batoto bana njaa, baba yao anataka kupanda bembea!"

Rabia alimngoja Yuma akane kwamba huyo ni mke wake. Yuma akacheka.

"Ingia, bibi yangu, ingia. Lakini jioni utanipikia."

"Nitakupikia majiwe!"

Mwanamke akaingia na carte, na watoto wake nyuma, na hakuna aliyemzuia.

"Ya Allah," Rabia akasema. Mikro ilikuwa wazi. Bustani nzima ikasikia, kuanzia mlangoni hadi kwenye treni. Akaizima, akafunga dirisha, akatokea mlango wa nyuma, kikwembe kipya kikikusanya vumbi jekundu njia nzima.

Kesho yake, Yuma akiwa mjini kutafuta bolti za gurudumu, simu ya ofisi ikalia.

"Allô, Sauti?"

"Hapa ni Parc Malachite. Tunafungua saa tatu."

"Rabia, ni miye. Jana ulienda wapi?"

"Salimia bibi yako, citoyen."

"Bibi gani?"

"Ule mwenye kula carte. Salimia na batoto."

Upande wa pili kikasikika kicheko. Cheko lile lilimchoma kuliko yote aliyoyaona. Akakata. Simu ikalia tena.

"Usikate, mupenzi, sikiliza, ule mwanamuke haiko..."

Laini ikafa yenyewe, kama laini za mji zilivyozoea. Rabia akamwambia Mukuka ana homa, akajifungia Kamalondo. Yuma alikuja kubisha hodi jioni zote; Amida alimrudisha mlangoni kwa adabu na kwa ufupi.

Gurudumu likaisha. Ijumaa, siku moja kabla ya uzinduzi, baada ya swala ya mchana, Yuma alikuja tena, safari hii amevaa abacost nyeusi, koti la heshima lisilo na tai. Nyuma yake alikuwa yule mwanamke wa hereni, kikapu cha samaki wakavu kichwani, pamoja na mwanamume mfupi mwenye uso mpole.

"Umeleta na bibi yako ndani ya nyumba yangu?" Amida akamuuliza.

"Mama, nimeleta muchafu huyu mwenyewe!" mwanamke akadakia, akitua kikapu. "Kijana wako huyu ni mwizi. Sura ya nyani. Kuoga anaogopa. Usimupe mutoto wako, atamuuza ku soko!"

Amida akashika kiuno. "Mwanamke gani anamtukana mume wake mbele za watu?"

Mwanamume mpole akakohoa. "Mama, mume wake ni miye. Ninaitwa Kunda. Huyu ni Chileshe, na batoto ni bangu. Nazania."

"Nazania!" Chileshe akampiga kofi begani, na Rabia, aliyekuwa nyuma ya pazia, akajikuta anatoka.

"Ulimuita bibi yako," akamwambia Yuma. "Nilikusikia."

"Ndiyo. Baba yangu ni mutu wa Maniema, alinipa jina na sala. Lakini mama yangu ni Mwaushi, na kwa Baaushi ukoo unatoka ku mama. Miye ni mutu wa ukoo wa Mvula. Huyu ni wa ukoo wa Uyoga. Ni mutani wangu, Rabia. Anaweza kunitukana, kuninyanganya kintu, kuniita bwana yake. Nikikasirika, aibu ni yangu. Siku nikifa, yeye njo atanizika."

"Na nitacheka ku kaburi," Chileshe akasema kwa upole wa ghafla. "Uyoga bila mvula haioti, dada. Lakini mvula bila uyoga ni matope tu."

Rabia alijua watani. Aliwahi kuwasikia wakitukanana katika matanga ya majirani. Lakini hakufikiri hata siku moja kwamba mtu anayempa salaam na kufunga Ramadhani naye ana watani wa upande wa mama. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Ila lile jambo la kwanza lilikuwa bado limesimama, na safari hii hakunong'ona.

"Yuma. Mama yangu alikula sikukuu iliyopoa miaka yote. Kama siku moja utataka bibi wa pili, sema leo, mbele ya hawa."

Amida akainamisha uso. Yuma akakaa chini, juu ya mkeka, abacost na yote.

"Mama yangu alikuwa bibi wa tatu," akasema. "Ile pilau miye naijua. Nimekula mpaka nikachoka. Wa pili hapana, Rabia. Leo hapana, kesho hapana."

"Nimesikia!" Chileshe akasema. "Na ukivunja, weye Mvula, nitakutukana soko nzima ya mutaa wa Kenya mpaka samaki bafufuke."

Amida akacheka wa kwanza. Rabia akachukua kikapu, akaelekea jikoni, na mlangoni akageuka. "Jibu langu ni kesho. Ku parc."

Kesho yake usiku mji ulijaa Parc Malachite. Taa zilizunguka gurudumu kama shanga, na watu wenye makoti walipuliza mikono yao kwa baridi. Mukuka alitaka Rabia atangaze akiwa jukwaani, watu wamwone. Akapanda. Kabla hajasema neno, Chileshe akapayuka kutoka katikati ya umati.

"Ule fundi wa roue ni bwana yangu! Mumuambie ule dada ashuke!"

Macho yote yakamgeukia Rabia. Akaivuta mikro karibu.

"Mama Uyoga," akasema, na vipaza vikaipeleka sauti hadi barabarani, "kama ni bwana yako, juu ya nini uko mukavu hivi? Mvula imenyesha kwa mwenzako. Weye rudi ku kikapu, uyoga mukavu iko bei ku soko!"

Umati ukalipuka. Chileshe akapiga kigelegele mpaka kitambaa kikamvuka kichwani. "Anajua! Bibi yetu anajua kutukana! Yuma, oa leo!"

"Na tangazo la pili," Rabia akaendelea, mashavu yakimwaka. "Citoyen Yuma aliniuliza swali. Parc Malachite inamujibu: ndiyo. Mutu wa pili ni miye, na wa tatu hayuko."

Yuma alipanda jukwaa kwa hatua mbili. Wakaingia katika kiti cha kwanza, na gurudumu likawainua polepole juu ya miti, juu ya taa, mpaka bomba kubwa la kiwanda na mlima mweusi wa mabaki ya shaba vikaonekana chini ya mwezi. Huko juu likasimama, watu wengine wakipanda. Yuma akainamisha sikio kwenye chuma.

"Unasikiliza nini?"

"Beringi, isilie ikizunguka tena."

Rabia akamshika kidevu, akamgeuza. "Achana nayo. Sikiliza miye."