Hodi ya Tatu

Hodi ya tatu ndiyo iliyojibiwa.

Mbili za kwanza zilikuwa za kawaida. Fundi alisimama mbele ya nyumba nyeupe, begi la spana begani, akapiga hodi, akasubiri, akapiga tena. Kimya. Madirisha yalikuwa yamefungwa, majani uani yameota hadi kiunoni, na jua la saa nane mchana lilikausha kila kitu isipokuwa kizingiti cha mlango, ambacho kilikuwa kimelowa. Akapiga ya tatu kwa mazoea tu, na sauti ya mwanamume ikatoka ndani, ya upole, ya mtu aliyeamshwa usingizini: "Karibu."

Fundi aliruka. Sindano, aliyekuwa nyuma yake, hakuruka. Alikuwa ameisubiri "Karibu" hiyo kwa miaka miwili.

Ngoja nikwambie hawa ni nani, maana ukikutana nao barabarani utawapisha kwa heshima zote. Walikuwa wezi. Si vibaka wa kunyakua pochi na kutimua mbio, la hasha. Wezi wa mchana, wasafi, wenye salamu. Mwanamume aliitwa Fundi kwa ajili ya ovaroli na lile begi, ingawa hakuwahi kukaza hata koki moja maishani mwake. Mwanamke aliitwa Sindano kwa sababu hakuna kufuli lililomshinda akiwa na sindano yake nene ya kushonea magunia. Kazi yao ilikuwa na utaratibu. Fundi anapiga hodi tatu. Akijibiwa, anauliza kama hapa ndipo walipoita fundi wa bomba, anaomba radhi, wanaondoka. Asipojibiwa, Sindano anafungua kufuli na kuingia peke yake, halafu Fundi analibana kufuli mahali pake, ili mpita njia akitupa jicho aone nyumba imefungwa na asiwe na wasiwasi. Sindano anachagua vitu bila haraka. Akimaliza anagonga kidogo, naye Fundi anamfungulia kwa sindano ileile, kama alivyofundishwa.

Sasa niambie, hiyo ni kazi au ni mapenzi? Nani mwingine utamwachia akufungie ndani ya nyumba ya watu?

Na walipendana, jamani. Fundi hakuingia chumbani kwao hata siku moja bila kusema, "Hodi! Fundi wa bomba." Naye Sindano, hata awe amenuna vipi, angejibu, "Panavuja, karibu." Wangecheka mpaka mshonaji wa chumba cha pili awagongee ukuta na kuwaambia waone haya.

Ikaja siku mwenye nyumba mmoja aliporudi mapema. Sindano aligonga kutoka ndani, akagonga tena. Alisikia kitu kikikwaruza kwenye kufuli, kisha miguu ikikimbia. Polisi walipofika iliwabidi wakate kufuli kwa msumeno, na mmoja wao akalalamika kwamba tundu limezibwa. Limezibwa! Sindano alilibeba neno hilo hadi gerezani, akalilalia na kuliamkia miaka miwili. Mtu aliyempenda kuliko nafsi yake alikuwa ameliziba tundu ili yeye Sindano akamatwe, naye Fundi apate muda wa kutoroka. Wala hakuja kumwona, hata na kipande cha sabuni.

Huko gerezani alilala jirani na mama mtu mzima, dobi, aliyewahi kufua katika ile nyumba nyeupe. Dobi ndiye aliyemnong'oneza habari za yule aliyemo kwenye tangi la maji la nyumba hiyo.

"Ni jini mwenye adabu zake, mwanangu," alisema. "Haingii kwa mtu bila kukaribishwa. Lakini kwake mwenyewe, ukipiga hodi ya tatu anakukaribisha, na ukiingia umekwisha. Anakuvua sauti, anaivaa, anatoka kutafuta mlango mwingine. Anakwenda kwa mtu wa mwisho uliyemwita. Akija kwako, atapiga hodi tatu. Ukinyamaza zote, anakwenda zake."

Sindano aliuliza swali moja tu: nyumba hiyo iko mtaa gani?

Siku aliyofunguliwa, Fundi alikuwa nje ya geti, amekonda, begi lake la spana begani, ameshika mfuko wa machungwa, hajui ayaweke wapi macho. Sindano akamkumbatia. "Yaliyopita yamepita," alimwambia, na moyoni akasema, subiri tu.

Ndiyo maana siku hiyohiyo, kabla hata ya kufika nyumbani, walikuwa mlangoni pale, kwa kazi moja aliyoiomba Sindano.

"Kuna mtu," Fundi alinong'ona. "Twende zetu."

"Ni mzee, haoni. Ingia ujifanye fundi. Leo mimi ndiye nitakayebaki nje."

Fundi akasafisha koo. "Samahani, ni hapa mlipoita fundi wa bomba?"

"Ni hapa," ilisema sauti. "Panavuja. Ingia."

Fundi akamgeukia Sindano, akatabasamu, tabasamu lilelile la chumbani. "Umesikia? Kumbe si sisi peke yetu." Akasukuma mlango, akaingia. Sindano akauvuta, akarudisha komeo, akatoa mfukoni kufuli alilolinunua njiani na kulibana. Ka.

Fundi hakushtuka. Alidhani ni utaratibu. "Vizuri," alisema kutoka ndani, "bana, wasije wakatushtukia."

Nusura Sindano alifungue pale pale. Akajikaza.

"Sindano," ilikuja sauti baada ya muda, ya chini sasa. "Huku hakuna mzee. Hakuna hata kiti. Kuna maji tu, yanapanda, na kuna mtu ananiita kwa jina ambalo mama yangu peke yake ndiye anayelijua. Nifungulie."

"Siwezi," alisema Sindano, mdomo umegusa mbao. "Tundu limezibwa."

Hapo Fundi akaelewa, na aliyoyasema aliyasema mbiombio, maji yakimwingia mdomoni. "Sikuziba! Sindano yako ilinikatikia humo ndani. Nilikimbilia msumeno dukani, nikarudi, wameshakuchukua. Ningekuja kwako na uso gani? Sindano! Sindano!"

Baada ya hapo lilisikika tone moja moja, basi.

Sindano alirudi nyumbani kichwa juu. Nisikudanganye, ilikuwa tamu. Mtaa mzima aliuona umepakwa rangi upya. Chumbani kwao kila kitu kilikuwa kama alivyokiacha, kwani Fundi hakuhama, na upande wa pili wa ukuta cherehani ya mshonaji ilikuwa inaunguruma vilevile. Alikaa kitandani. Akaingiza mkono chini ya godoro, pale alipokuwa akiiweka sindano yake zamani, kwa kutaka tu kuishika.

Ilikuwepo, imefungwa kwenye kitambaa. Ilikuwa nusu. Ncha haikuwepo. Na pembeni yake palikuwa na msumeno wa chuma, mpya, haujakata hata uzi, bado umebandikwa karatasi ya bei.

Alivikodolea macho vitu vile viwili. Tundu lilikuwa limezibwa kweli. Lilizibwa na ncha ya sindano yake mwenyewe. Mtu wake alikimbia, ndiyo, lakini alikimbilia msumeno, na yeye Sindano amemfungia ndani kwa mkono wake, akamkejeli mlangoni. Alisimama akimbilie nyumba nyeupe, na msumeno huo huo.

Hapo ndipo aliposikia harufu: harufu ya maji yaliyokaa tangini miaka, ya kutu na ukungu. Kizingiti chake kilikuwa kimelowa.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya Fundi. Si iliyofanana nayo. Yake hasa, na kile kikohozi chake kidogo cha mwisho. Sindano alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani.

"Hodi, Sindano. Nimetoka. Nimepita dirishani. Nimelowa chapachapa, nifungulie."

Sindano akaokota kitambaa kile, akakisokomeza mdomoni na kukiuma, huku akijiambia kwamba imebaki moja, moja tu, aivumilie hiyo na jini atakwenda zake, na palepale akijiambia kwamba labda si jini, labda ni yeye kweli, kwani dirisha lilikuwepo, aliliona kwa macho yake, na mtu aliyerudi na msumeno atashindwaje kutoka dirishani, na maji yalikuwa yanaingia chini ya mlango taratibu, yanafuata nyufa za sakafu, yanamfikia vidoleni, ya baridi, ilhali nje jua linawaka na cherehani inaunguruma na dunia nzima inaendelea na shughuli zake.

Kisha sauti ikacheka kidogo. Kicheko kile cha chumbani.

"Hodi! Fundi wa bomba."

Kitambaa kilianguka. Usiniulize kama alijibu kwa mdomo au kwa moyo, maana hata mwenyewe hakujua.

"Panavuja," alisema, analia na kucheka. "Karibu."

Mlango ulifunguka. Hapakuwa na mtu. Ukajifunga wenyewe, na kwa nje akasikia komeo likirudi mahali pake na kufuli likibanwa. Ka.

"Fundi!" alipiga kelele, akiupiga mlango kwa viganja. "Nisamehe! Fungua!"

"Siwezi," ilijibu sauti ya Fundi, lakini haikutoka nje. Ilitoka nyuma yake, karibu kabisa na sikio. "Tundu limezibwa."

Maji yalimfika magotini, kiunoni, kifuani, na kwa pumzi aliyobakiwa nayo aliita mtu pekee aliyekuwa karibu. "Jirani! Jirani yangu!" Neno lilipomtoka tu akakumbuka maneno ya dobi, akaziba mdomo kwa mikono miwili. Lilikuwa limeshatoka. Alijaribu kuita jina lingine, lolote, la mtu wa mbali, la mtu aliyekufa. Koo halikutoa kitu. Alikuwa anatikisa midomo tu.

Ng'ambo ya ukuta cherehani iliendelea. Hodi mbili za kwanza za jini zilimezwa na muungurumo huo. Sindano aliupiga ukuta kwa ngumi, mara ngapi, mwenyewe hakuhesabu. Cherehani ikasimama.

"Leo mmeanza tena?" mshonaji alilalamika, kwa sauti ya kutania, akiugonga ukuta kama zamani. "Oneni haya!"

"Hodi, jirani," ilisema sauti ya Sindano, mlangoni kwa mshonaji.

"Aa, kumbe uko huku! Karibu, mwenzangu. Ingia tu, mlango uko wazi."