Pazia la Nyuma ya Dereva

Duka la vitambaa lilifurika, watu wakipigana vikumbo, na katikati yao Mwalimu alisimama na jora la kitambaa cha manjano kifuani, shati limechomekwa upande mmoja tu. Mshonaji aliyekuwa akichagua bitana alishindwa kujizuia.

"Unajipimia gauni, kaka?"

"Nalipimia gari," alijibu bila aibu. "La zamani. Lina kitanda na jiko, mapazia tu ndiyo halina."

Mshonaji alicheka hadi akaegemea kaunta. Aliyashona mapazia hayo, na jingine refu la kutenga kitanda na kiti cha dereva. Mapenzi yakaanzia hapo. Mwaka uliofuata wakafunga safari ndefu, gari likikohoa kila mlima, kwenda kwa mama yake Mwalimu.

"Kwa mama nitakuwa nani?" Mshonaji aliuliza njiani.

Mwalimu alishika usukani, kimya.

"Fundi wa mapazia, siyo?" Akahamia nyuma, akavuta pazia.

Kwenye kituo cha mafuta alishuka kwa mlango wa nyuma kunawa uso uliolowa machozi. Aliporudi, gari halipo. Alibaki na gauni lake la bluu na ndala za Mwalimu, kubwa kama majahazi. Basi ameniacha, alijiambia.

Mama mwuza mafuta alimwazima simu. Namba pekee aliyoikumbuka ilikuwa yake mwenyewe, ile anayowatajia wateja kila siku. Simu yake ilikuwa ikichajiwa karibu na usukani.

"Haloo," Mwalimu alinong'ona. "Samahani, mwenye simu amelala."

"Hajalala. Yuko kituo cha mafuta, na ndala zako."

Breki zililia. Kisha pete za pazia zikasikika zikivutwa.

"Mpenzi wangu," Mwalimu alisema, "sasa muda wote huu nimekuwa naongea na nani?"

Gari liliporudi likitikisika na kutoa moshi, Mshonaji alilishukuru kimoyomoyo, lenyewe na ubovu wake. Alimshukuru na mama wa mafuta, akamrudishia simu kwa mikono miwili. Mwalimu alishuka mbio, peku.

"Ulidhani nimekukimbia?"

"Ndiyo. Uliliambia nini pazia?"

"Kwamba nilinyamaza kwa woga, si kwa kukosa jibu. Kwamba nataka mama akuone kama mchumba wangu. Nikakuomba tuoane."

"Likasemaje?"

"Kimya. Nikajua bado una hasira, nikabembeleza tena."

Mshonaji alicheka huku machozi yakimtoka. "Rudia. Safari hii niangalie mimi."

Alirudia, ulimi ukimteleza, mama wa mafuta akisikiliza bila kujificha. Mshonaji alikubali kabla hajamaliza.

Alipopanda, alilikusanya pazia lote kando, akalifunga kwa mkanda wa gauni lake.

"Libaki hivi mpaka kwa mama," alisema, akakaa kiti cha mbele. Ndala hakuzirudisha.