Vichwa vya Omena

Kila jioni akitoka shule, Dolphine alikuwa na kazi moja: kufagia gari la mama yake. Mama yake, Milka, alibeba omena, dagaa wa ziwani, kutoka ufuo wa Dunga hadi soko la Katito, na magunia hayakukosa kumwaga. Vichwa na mikia vilibaki chini ya viti, na harufu nayo haikuomba ruhusa ya kukaa.

"Umemaliza?" Milka aliuliza akiwa jikoni.

"Nimemaliza, Mama."

Kumbe wiki ile nzima hakuwa amegusa ufagio. Wenzake walikuwa wakicheza kati, mchezo wa kukwepa mpira, nje ya ploti, na mchezo ukinoga haumngoji mtu.

Alhamisi gari lilianza kukohoa njiani, na taa ya injini ikawaka. Milka alikasirika sana, kwa sababu juma lililopita tu Fundi Kageha wa Otonglo alikuwa amelihudumia. Kageha ndiye aliyekuwa fundi mwanamke pekee pale, na wateja walikuwa wameanza tu kumwamini.

"Kageha ameniharibia gari," Milka aliwatangazia wanawake sokoni. Kufikia Ijumaa jioni, muuza samaki mwenzake, Valarie, alikuwa ameliondoa gari lake kwa Kageha kabla halijatengenezwa.

Jumamosi asubuhi Milka na Dolphine walilipeleka gari Otonglo. Kageha aliwasalimu kwa sauti ya chini, na ilionekana wazi kwamba habari za sokoni zilikuwa zimemfikia. Alichomeka mashine ya kupimia injini chini ya usukani.

"Inasema ni sensa ya hewa," alieleza. "Ni kifaa kidogo kinachoiambia injini ni hewa kiasi gani inaingia. Injini isipojua, inajipimia mafuta kwa kubahatisha."

"Si nilisema! Ni wewe uliigusa!" Milka alifoka.

Kageha hakujibizana naye. Alichomoa sensa ile, akaweka nyingine aliyojua ni nzima, kisha akawasha. Gari likakohoa vilevile.

"Basi sensa haina makosa," alisema. "Mama Dolphine, mashine hutuonyesha panapouma. Haituonyeshi aliyeuma."

Akaufuata waya wa sensa kwa vidole, taratibu, hadi nyuma ya kasha la chujio la hewa. Pale waya ulikuwa umetafunwa ukabaki kama uzi. Alipofungua kasha, walikuta kiota cha panya: vipande vya karatasi, matambara na vichwa vya omena.

"Yawa!" Milka alishika kiuno. "Gari yangu inafagiliwa kila siku! Hao panya ni wa gereji yako!"

Hakuna aliyemtazama Dolphine. Walimu husema njia ya mwongo ni fupi, lakini asubuhi ile aliiona ndefu na tupu mbele yake; angenyamaza tu, mambo yangeisha. Kisha akamwona Kageha akiinamisha kichwa na kupangusa sensa ambayo tayari ilikuwa safi. Dolphine alimhurumia.

"Haifagiliwi, Mama," alisema huku machozi yakimtoka. "Wiki nzima nimekudanganya. Nilikuwa naenda kucheza."

Kageha aliunga waya, akaufunga kwa utepe, akasafisha kasha na kurudisha kila kitu mahali pake. Alipowasha, injini ilinguruma vizuri na taa ikazimika.

"Nisamehe, Kageha," Milka alisema. "Maneno niliyoyapeleka sokoni nitayafuata huko huko. Na huyu atanisaidia kuyabeba."

Siku hiyo hiyo Dolphine alisimama sokoni mbele ya meza za samaki. "Fundi Kageha hakuharibu gari," alisema. "Ni panya, na panya niliwaalika mimi."

Wanawake waliangua kicheko. Valarie hakucheka. "Wacha nimrudishie Kageha gari yangu leo leo," alisema akitafuta funguo.

Njiani Milka alimgeukia bintiye. "Nyathina, mwanangu, waya umeungwa kwa nusu saa. Jina la mtu ni kazi kubwa zaidi. Ukisema uongo, hujui utamwangukia nani. Na mimi nilihukumu kabla ya kuchunguza, kwa hivyo sote wawili tumekosa."

Jioni Dolphine alifungua milango yote ya gari, akainua mazulia, akafagia hadi pembeni.

"Umemaliza?" Milka aliuliza akiwa jikoni.

Dolphine alichungulia tena chini ya kiti cha nyuma. "Bado kidogo, Mama."