Lazarus na Maji ya Jumatatu

Kila Jumatatu ilikuwa zamu ya Lazarus kupata maji. Kijiji chao kilikuwa kidogo, katika bonde la jangwa, na mfereji ulikuwa mmoja. Lazarus alifungua maji asubuhi akayaacha mpaka jioni. Shamba likawa bwawa.

“Baba Peres, funga maji!” alisema Naliaka, mkewe. “Vitunguu si samaki.”

“Nimemwagilia maua ya mzungu Nairobi, kule Ngong Road, miaka sita. Utanifundisha wewe?”

“Huko kuna mvua. Hapa miche imekufa misimu miwili!”

“Imekufa kwa kiu. Ndiyo maana naongeza.”

Naliaka alichoka kabisa. Mbegu zilibaki kikombe kimoja. Na shamba lililokosa mazao misimu mitatu, wazee humpa mtu mwingine.

Akaenda mwenyewe kumwita Haron, bwana shamba. Haron alitazama udongo. Ulikuwa mweupe juu. Akaokota kidogo.

“Lazarus, onja.”

Lazarus akaonja, akatema. “Chumvi! Nani ameweka chumvi shambani kwangu?”

“Wewe,” alisema Naliaka.

“Chumvi imo ardhini,” Haron alieleza. “Maji yakikosa njia ya kutoka, huiyeyusha. Jua huyakausha maji, lakini chumvi hubaki juu, kwenye mizizi. Chimba mtaro upande wa chini, uwe na kina cha kiuno. Mwagilia sana mara moja, maji yatoke na chumvi. Kisha panda. Baada ya hapo, kabla ya kufungua maji, chimbua udongo kidogo. Ukishikamana mkononi kama ugali, ngoja.”

“Nipoteze zamu yangu?”

“Mpe jirani.”

Neno hilo lilimuuma Lazarus kuliko chumvi. Hata hivyo alichimba mtaro siku tisa, akinung’unika. Akauosha udongo, wakapanda zile mbegu za mwisho.

Jumatatu moja mkono wake ulikuwa tayari kwenye mlango wa mfereji.

“Udongo kwanza!” Naliaka alimwita.

Akachimbua. Ulishikamana. Maji yakapita kwenda kwa jirani yao, Joash.

“Maji yangu hayo, Mama Peres!”

“Yaache yaende!”

Msimu huo walivuna magunia manne ya vitunguu. Wazee walikagua shamba, wakamwachia Lazarus.

Wiki iliyofuata Joash alikuja amekasirika. “Mlinipa maji yote yale, nikayatumia yote. Mbona mahindi yangu yanakufa? Hata udongo umekuwa mweupe!”

Lazarus alikwenda naye, akaokota udongo kidogo.

“Joash, onja.”

Naliaka hakungoja ateme. Alirudi nyumbani kuchukua majembe mawili.